Mizani ya Kupimia Makovu ya Utotoni

Msomaji kijana, kuna maneno mawili ambayo watu husema juu ya mtoto aliyeteswa, na yote mawili husemwa kwa sauti ya uhakika. La kwanza husemwa na mtu mzima aketiye barazani akikumbuka fimbo za baba yake: "Nilipigwa, nikafungiwa, nikalala njaa, nami leo ni mtu kamili. Maumivu ya utotoni hupita kama mvua ya vuli." La pili husemwa na mtu aliyesoma kidogo, akashika nusu ya habari na nusu ikamponyoka: "Mtoto aliyeteswa ameharibika. Akikua atatesa wengine. Wataalamu wamekwisha thibitisha." Msemaji wa kwanza humnyima mtoto haki ya kulia, na wa pili humnyima haki ya kutumaini.

Chukulia kwamba mjadala juu ya jambo hili wafanyika darasani mwenu, nanyi mko wanafunzi arobaini. Msemaji wa upande mmoja asimama na kutangaza kwamba mtoto aliyepigwa na kudhalilishwa nyumbani hawezi kamwe kuwa mzazi mwema. Darasa zima lapiga makofi. Lakini kwenye dawati la nyuma yuko mmoja ambaye hapigi. Ameinamisha kichwa akitazama daftari lake, kwa kuwa anayesemwa ni yeye, na hapana mwenzake ajuaye. Je, hukumu aliyosomewa ni ya kweli? Elimu imesema hivyo hasa, au imesemewa?

Hilo ndilo swali la insha hii. Ili kulijibu, yatupasa tuufanyie utafiti wa wataalamu kile tukifanyacho kwa kitabu chochote kizuri: tuusome kwa makini, tuusifu penye sifa, tuulaumu penye lawama, na tusiusingizie neno ambalo haukulisema.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, hutaja namna nne za kumtenda mtoto vibaya. Namna ya kwanza ni kumpiga na kumjeruhi mwili. Ya pili ni kumtukana, kumtisha na kumdharau siku nenda siku rudi. Ya tatu ni kumtumia kwa tamaa za kingono. Ya nne ni kumpuuza: kumnyima chakula, mavazi, matibabu na mapenzi ilhali ni wajibu wa mlezi kumpa. Hii ya nne haina kelele wala alama ya mkanda, na kwa hiyo aghalabu husahauliwa.

Huenda ukadhani kwamba habari hizi zilijulikana na madaktari tangu zamani. Sivyo. Kwa miaka mingi mtoto aliyeletwa hospitalini na mkono uliovunjika aliandikwa kuwa ameanguka, maana daktari hakutaka kuamini kwamba mkono uliomlea ndio uliomvunja. Mwaka 1962 daktari C. Henry Kempe na wenzake, huko Marekani, walichapisha makala juu ya watoto waliopigwa hata wakaumizwa vibaya. Walikuwa wameziuliza hospitali 71 juu ya watoto wa namna hiyo waliopokewa katika muda wa mwaka mmoja. Wakaletewa habari za watoto 302. Kati yao 33 walikufa, na 85 wakabaki na dhara la kudumu la ubongo. Picha za eksirei zilionyesha mifupa iliyovunjika kwa nyakati mbalimbali, mingine mipya, mingine imekwisha anza kuunga. Mfupa haujui kuficha siri ya nyumba. Wahenga walikwisha sema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Makala ya Kempe iliwalazimisha madaktari kuyaona maneno hayo kwa macho.

Lakini nafsi haina picha ya eksirei. Mfupa ukivunjika huonekana. Moyo ukivunjika wa mtoto wa miaka saba, utauonaje akiwa mtu wa miaka hamsini? Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kufungua macho.

Utafiti utajwao kuliko mingine yote ulifanywa na daktari Vincent Felitti wa mji wa San Diego, katika jimbo la California, pamoja na mwenziwe Robert Anda. Katika miaka ya 1980 Felitti aliendesha zahanati ya watu wanene waliotaka kupunguza uzito. Akaona jambo la ajabu: baadhi ya watu waliokuwa wakifaulu ndio walioacha matibabu. Alipowahoji, wengi walimweleza habari za kuteswa utotoni ambazo hapana daktari aliyekuwa amewauliza. Kutokana na fumbo hilo ulizaliwa uchunguzi mkubwa, na makala yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1998. Watu wazima 9,508 walijibu maswali juu ya mambo saba ya utotoni: matusi na vitisho, vipigo, dhuluma ya kingono, mama kupigwa nyumbani, na kuishi na jamaa mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya, au mwenye ugonjwa wa akili, au aliyepata kufungwa gerezani. Kila jambo lilihesabiwa alama moja.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Zaidi ya nusu ya watu hao walikuwa na alama moja au zaidi. Tena, kadiri alama zilivyoongezeka, ndivyo ulevi, huzuni nzito isiyoondoka na maradhi ya moyo na mapafu yalivyoonekana kwa wingi zaidi. Wenye alama nne au zaidi walikabiliwa na hatari ya ulevi na huzuni hiyo mara nne hadi kumi na mbili kuliko wasio na alama. Sifa ya utafiti huu ni kubwa. Ulimtoa mtoto aliyeteswa katika faili la polisi ukamweka katika faili la daktari, na uliwafunza waganga kumwuliza mgonjwa, "Ulipatwa na nini?" kabla ya kumwuliza, "Una kasoro gani?" Mzee wetu wa barazani amejibiwa: maumivu ya utotoni hayapiti kwa kila mtu kama mvua ya vuli.

Sasa tuseme kasoro. Ya kwanza ni kipimo chenyewe. Mvulana ambaye jamaa wa nyumbani kwao alifungwa gerezani alipata alama moja. Msichana aliyedhulumiwa na mlezi wake kwa miaka mingi naye, kwa dhuluma hiyo, alipata alama moja. Je, mizani hii ni ya haki? Mwenye duka akipima sukari na risasi kwa kuhesabu mifuko bila kutazama uzito, hatumwiti mpimaji. Alama hazisemi jambo lilitokea mara ngapi, wala kwa umri gani, wala nani alikuwapo kumfuta mtoto machozi.

Kasoro ya pili haimo katika utafiti bali katika wasomaji wake. Neno "mara saba" huogofya, na aliyeogopa hahesabu vizuri. Tuchukue ulevi. Katika kila watu 100 wasiokuwa na alama yoyote, kama 3 walikiri kuwa ni walevi. Katika kila watu 100 wenye alama nne au zaidi, waliokiri walikuwa kama 16. Tofauti hiyo ni kubwa, na jamii iipuuzayo yajidhuru. Lakini soma hesabu hiyo hiyo kwa upande wa pili: katika watu 100 waliobeba mzigo mzito kuliko wote, 84 hawakujitaja kuwa walevi. Msemaji wa darasani aliwasahau hawa 84. Hatari iliyoongezeka ni hatari kweli. Walakini hatari si ajali iliyokwisha tokea.

Wala usidhani kwamba lawama hii ni yangu peke yangu. Mwaka 2020 Robert Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, aliandika kuonya kwamba alama hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya kumpima mtu mmoja mmoja na kumtabiria afya yake. Zilifaa kueleza hali ya watu wengi kwa jumla. Ni jambo la heshima mtaalamu anapotoka mbele ya watu na kuuwekea chombo chake mwenyewe mpaka.

Kasoro ya tatu ni ya kumbukumbu. Watu wa San Diego waliulizwa wakiwa wazima juu ya mambo ya miaka thelathini au hamsini iliyopita. Kumbukumbu ya bin Adamu si sanduku la chuma ambalo kila kilichotiwa hukutwa kama kilivyo. Mwaka 2019 Jessie Baldwin na wenzake walizikusanya pamoja tafiti 16 ambazo zilikuwa na habari za namna mbili juu ya watu wale wale: zilizoandikwa walipokuwa watoto, na walizozieleza wenyewe baadaye. Waliona kwamba katika kila watu 100 ambao mateso yao yaliandikwa utotoni, 52 hawakuyataja walipoulizwa baadaye. Na katika kila watu 100 walioyataja baadaye, 56 hawakuwa wameandikwa popote utotoni.

Tahadhari hapa, msomaji, maana ni rahisi kuteleza. Hesabu hii haisemi kwamba watu hawa ni waongo. Mtoto mchanga aliyeachwa na njaa hawezi kuikumbuka njaa hiyo. Mwingine hukumbuka sana lakini aona haya kusema. Na mwingine aliteswa kwa siri ndani ya nyumba yenye heshima, basi nani angeandika? Inachosema ni hiki: waliokumbuka na walioandikwa si watu wale wale, na mtaalamu hana haki ya kuchukua habari za kundi moja akazisema kuwa ni za kundi la pili.

Ikiwa kumbukumbu huteleza, dawa yake ni kuanza na watoto wenyewe na kuwafuata mpaka wakue. Kazi hii yataka subira ya mkulima wa minazi. Cathy Spatz Widom ni mmoja wa walioifanya, naye aliifanya kwa kusudi la kulijaribu neno ambalo sisi Waswahili tumelitia katika methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Alifungua kumbukumbu za mahakama za wilaya moja huko Marekani, za miaka 1967 hadi 1971, akapata watoto 908 ambao mahakama ilithibitisha kuwa waliteswa au walipuuzwa. Kisha akatafuta watoto wengine 667 waliolingana nao kwa umri, jinsia, rangi na hali ya maisha, ila hao hawakuwa na kumbukumbu hizo za mateso. Hapa ndipo uzuri wa kazi yake ulipo. Kama tukiwalinganisha watoto maskini walioteswa na watoto wa matajiri wasioteswa, hatutajua kama kilichowadhuru ni mateso au ni umaskini.

Matokeo yake yalitolewa mwaka 1989. Katika kila watoto 100 walioteswa au kupuuzwa, 26 walipata kukamatwa kwa makosa kabla ya kuwa watu wazima. Katika kundi la kulinganishia walikuwa 17. Kwa makosa ya jeuri na kumwaga damu walikuwa kama 11 dhidi ya 8. Basi mateso huongeza hatari, na anayekana hilo akana ushahidi. Lakini 74 katika kila 100 hawakukamatwa walipokuwa vijana! Methali ya nyoka imeshindwa katika wengi wa wale ambao ilidai kuwaeleza. Yafaa kuiambia nyoka, kama yampendeza. Mtoto wa mtu ana akili, ana majirani, na ana miaka mingi mbele yake.

Widom hakuishia hapo. Mwaka 2015 alitoa habari za watu hao hao walipokuwa wazazi. Waliwahi kuteswa au kupuuzwa, na ni kweli kwamba walishtakiwa zaidi kwa maofisa wa watoto kuliko wenzao. Lakini walipoulizwa wao wenyewe, na watoto wao walipoulizwa, haikuonekana kwamba waliopigwa ndio wapigaji zaidi. Hatari iliyoonekana wazi ilikuwa ya watoto wao kupuuzwa na kudhulumiwa kingono. Widom akaeleza kwamba sehemu ya mashtaka yale yaweza kutokana na macho: nyumba ambayo imekwisha andikwa katika daftari la serikali huchunguzwa kuliko nyumba nyingine, na anayechunguzwa zaidi huonekana na makosa zaidi. Jambo hili ni zito. Jamii ikimwambia mtu tangu mwanzo kwamba atakuwa mwovu, ikamwekea mlinzi mlangoni, kisha ikashangaa kwamba imeona uovu mlangoni pake kuliko kwa jirani, hiyo imejiona yenyewe kioo.

Hata hivyo, kazi ya Widom nayo ina mpaka. Watoto wake walikuwa ni wale waliofika mahakamani. Wale ambao siri yao haikutoka nje ya ukuta hawamo.

Hata hivyo swali moja lasumbua bado. Tutajuaje kwamba ni mateso yenyewe yaliyodhuru, wala si kitu kingine kilichofuatana nayo? Hapana mtu mwenye utu awezaye kuwatesa watoto makusudi ili apime. Lakini historia ya Romania ilileta nafasi ya huzuni. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwezi wa Desemba 1989, dunia iliona makumi ya maelfu ya watoto waliojazwa katika makao ya serikali, wakilishwa na kuvishwa lakini bila mtu wa kuwapakata. Hii ni ile namna ya nne, kupuuzwa. Kuanzia mwaka 2000 wataalamu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwachagua watoto wadogo 136 katika makao ya mji wa Bucharest. Kwa kura, 68 walipelekwa kulelewa katika jamaa zilizotayarishwa, na 68 wakabaki katika matunzo ya kawaida ya serikali.

Waliopata jamaa waliendelea vizuri zaidi kwa akili na kwa mapenzi yao kwa walezi, na aghalabu waliotolewa mapema, kabla ya kutimiza miaka miwili hivi, walipata nafuu kubwa kuliko waliochelewa. Ushahidi huu una nguvu kwa sababu kura haina upendeleo. Nao wafundisha mambo mawili kwa pamoja: upweke wa utotoni hujeruhi mpaka ubongo, na mapenzi yakiwahi huponya sehemu kubwa ya jeraha.

Lakini msomaji mwenye moyo atauliza, na ni haki yake kuuliza: je, wale 68 waliobaki? Wataalamu walijibu kwamba mjini humo malezi ya kulipiwa katika jamaa yalikuwa karibu hayapo kabla ya wao kuja, na kwamba hawakumzuia mtoto yeyote kuondoka makao akipata nafasi nyingine. Jibu hilo lina uzito wake. Hata hivyo sitaki ulipite haraka. Elimu yetu nzuri kuliko zote juu ya watoto walioachwa imenunuliwa kwa miezi na miaka ya watoto ambao kura haikuwaangukia, na deni hilo lastahili kukumbukwa na kila aitumiaye elimu hiyo.

Kama mapenzi huponya, ni mapenzi ya nani? Kisiwa cha Kauai, katika visiwa vya Hawaii, chatupa sehemu ya jibu. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuata watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, kwa miongo kadhaa. Karibu theluthi moja walikulia katika umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi au ugonjwa wa akili nyumbani. Katika hao wa hatari, kama mmoja katika kila watatu alikua akawa kijana mwenye utulivu, mwenye kazi na moyo wa huruma. Siri yao haikuwa moja, lakini jambo lililorudi mara kwa mara lilikuwa hili: kila mmoja alikuwa amepata japo mtu mzima mmoja aliyempenda na kumtegemeza. Huenda alikuwa bibi, au shangazi, au mwalimu, au jirani. Tena wengi wa wale waliokuwa wameyumba ujanani walikuja kusimama walipofika umri wa miaka thelathini na arobaini. Tukumbuke tu kwamba watoto wa Kauai hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuteswa. Shida zao zilikuwa za namna nyingi, na tusiseme zaidi ya hapo.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa msomaji wa Kenya ana haki ya kuuliza kama habari za San Diego na Bucharest zamhusu. Mwaka 2010 vijana wa Kenya wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa juu ya mambo yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Katika kila 100, wanawake 66 na wanaume 73 walisema walifanyiwa ukatili wa mwili. Wanawake 32 na wanaume 18 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Uchunguzi wa namna hiyo uliporudiwa mwaka 2019, hesabu zilikuwa zimeshuka: ukatili wa mwili wanawake 39 na wanaume 52 hivi, na ukatili wa kingono wanawake 16 na wanaume 6 hivi. Tunafurahi, ingawa hata hesabu ya pili ni aibu. Katika darasa la arobaini, si dawati moja la nyuma tu lenye mtu aliyeinamisha kichwa.

Jirani zetu wa Tanzania nao walichunguzwa. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walitoa habari za wanafunzi 409 wa shule ya msingi, wenye wastani wa umri wa miaka kumi na nusu. Katika kila 100, watoto 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa na wazazi au walezi, 82 walipigwa kwa fimbo, mikanda au vitu vingine, na karibu robo waliumizwa. Walioadhibiwa zaidi ndio waliokuwa na ugomvi na utundu zaidi, na wema mdogo zaidi kwa wenzao.

Mtetezi wa fimbo ataleta methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ataongeza kwamba huenda watoto hao walipigwa kwa sababu ya utundu, wala utundu haukutokana na kupigwa. Pingamizi lake la pili ni la haki, maana uchunguzi wa siku moja ni kama picha: waonyesha moshi na moto pamoja, hauonyeshi kilichotangulia. Lakini hata tukimpa hoja hiyo, hajashinda. Kama fimbo ingekuwa dawa, waliokunywa zaidi wangeonekana japo kidogo kuwa na nafuu, na hapa hawakuonekana hivyo. Ama methali yenyewe haikutaja fimbo. Yamwambia mzazi asiogope machozi ya mtoto anapomkataza baya, haimwambii ayatafute. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikamlinda kila mtu na adhabu ya viboko.

Lawama yangu ya mwisho juu ya elimu hii ni kwamba sehemu yake kubwa imetoka Marekani na Ulaya. Mtoto wetu mara nyingi hulelewa na mikono mingi: nyanya, mjomba, shangazi, ndugu wakubwa, walimu wa bweni. Mikono mingi yaweza kuwa milango mingi ya kuponea. Yaweza pia kuwa milango mingi ya kudhuriwa, na siri ikafichwa kwa jina la heshima ya ukoo. Nani atatupimia jambo hilo? Pengine ni wewe usomaye sasa, utakapofika chuo kikuu. Kazi hiyo ipo, nayo yangoja watu wanaozijua nyumba zetu na lugha zetu.

Basi mjadala wa darasani tuuamue hivi. Mzee wa barazani amekosea, kwa kuwa watu wengi walioumizwa utotoni hubeba maumivu hayo mpaka uzeeni, na kupona kwake yeye si ushahidi juu ya wengine. Msemaji wa darasani amekosea pia, kwa kuwa hapana hata utafiti mmoja katika hii tuliyoisoma unaosema kwamba aliyeteswa lazima awe mtesaji au mlevi. Utafiti huhesabu umati. Haumjui mtoto wa dawati la nyuma, wala hauna ruhusa ya kumtabiria.

Na kama mtoto huyo ni wewe, neno la mwisho ni lako. Yaliyokupata hayakuwa kosa lako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mwalimu, jamaa, muuguzi au kiongozi wa dini, umwambie. Wa kwanza asiposikia, mwambie wa pili. Nchini Kenya iko pia simu ya watoto ya nambari 116, nayo haitozwi malipo. Na kama mtoto huyo si wewe bali ni mwenzako, kumbuka watoto wa Kauai: waliosimama walikuwa na mtu mmoja wa kuwategemeza. Usimpigie makofi msemaji kabla hujatazama dawati la nyuma.